Daftari kwanza, mizani baadaye

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tangu hapo Watanzania tuna siku 12 kwa mwaka za kutoka jasho pamoja. Ni utaratibu mzuri, na hapa Dodoma, penye wizara zote, unastahili kulindwa usije ukageuka siku ya fulana mpya na picha. Lakini zinabaki siku 353. Katika siku hizo hakuna anayekuja kukuamsha, hakuna muziki wala kiongozi wa mstari. Kuna ua wa nyumba, kibaraza, saa ya ukutani na nia ya mwenyewe. Tumezoea kusema nia hiyo huuawa na uvivu. Mimi naona huuawa na lengo baya. Anayeanza mazoezi nyumbani hujiwekea lengo la kilo, kisha kila asubuhi hupanda mizani kutafuta hukumu, na hukumu inapochelewa huacha. Ningependa aweke lengo la matendo yake mwenyewe, na shahidi wake awe daftari la shule lenye kalamu juu yake.

Haja ya kusema haya imekua pamoja na mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhama kwa kasi baada ya tamko la Rais John Magufuli la Julai 2016, na Sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 ndani ya Jiji. Pamoja na watu zimekuja kazi za kiti. Mtumishi wa Ilazo au Nkuhungu hupanda gari hadi Mji wa Serikali Mtumba, hukaa mezani mpaka jioni, hurudi kwa gari, huketi tena mbele ya televisheni. Hata faili ambalo zamani lilimwinua kulipeleka ofisi ya jirani sasa linasafiri kwa mtandao. Gharama ya kukaa hivyo ilipimwa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa ndani ya basi moja, wakivuta hewa moja, ila mmoja aliketi zamu nzima na mwenzake alipanda na kushuka vidato kati ya 500 na 750 kwa siku. Madereva ndio walioumwa moyo zaidi, na ugonjwa uliwakuta mapema na kuwaua kwa wingi zaidi. Kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa 2012 wa watu wenye miaka 25 hadi 64 ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne, na kisukari kwa watu 9 kati ya 100. Hapo msafara wa kuja Dodoma ulikuwa bado haujaanza.

Kwa nini basi lengo lisiwe kupunguza kilo, wakati kilo ndizo zinazotutisha? Jibu bora ninalolijua limetoka kwa majirani zetu. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kwa upande wa Singida wakiwa wilayani Mkalama, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake waliwapa Wahadzabe 30 maji yenye hidrojeni na oksijeni za aina inayoweza kufuatiliwa, wakapima mikojo yao kwa siku kadhaa, wakapata hesabu ya nishati ambayo kila mwili ulitumia. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu kilometa 6. Kila mtu alitarajia nishati yao iwapite kwa mbali wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuwapo. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi kwenye miguu, hubana kwingine. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani hubana, lakini kwa mtu wa kawaida somo liko wazi. Nusu saa ya kuruka kamba haiwezi kufuta sahani ya chipsi mayai na soda. Uzito unaamuliwa zaidi na sahani kuliko kamba, kwa hiyo anayeruka kamba mwezi mzima na kuiuliza mizani kama ameruka amemwita shahidi ambaye hakuwapo.

Na ni Wahadzabe haohao wanaotuonyesha kamba inaleta nini. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwafunga vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo. Walikutwa wakifanya zaidi ya saa mbili kila siku za shughuli zinazoupandisha moyo, na dalili za magonjwa ya moyo, presha ikiwemo, zilikuwa chache hata kwa wazee. Faida ipo, tena kubwa, ila inakaa kwenye mishipa, kwenye moyo na kwenye sukari ya damu, mahali ambapo mizani haifiki. Hapa ndipo husikika pingamizi la kawaida: wazee wetu hawakufanya mazoezi wala hawakuweka malengo, na waliishi. Ni kweli hawakufanya mazoezi. Walikuwa na kazi. Mgogo aliyechunga ng'ombe kutwa na mama aliyetwanga mtama hawakuhitaji daftari, kwa sababu mifugo na kinu viliwahesabia. Hata kupumzika kwao hakukufanana na kwetu. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na wakazi wa miji, lakini sehemu ya muda huo wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu ikiwa bado inafanya kazi. Sisi tumeondoa kazi, tumeleta sofa, kisha tunataka afya ya wazee kwa sababu tu tumerithi majina yao. Kisichohesabiwa tena na kinu lazima kihesabiwe na mtu.

Ziko sababu za kuchagua matendo hata kwa wanaokimbilia medali. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani naye aliandikiwa saa 2:09:48. Baada ya kilometa 42 walitenganishwa na sekunde 0.03. Juma Ikangaa, aliyezaliwa hapa Dodoma, alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mara ya kwanza alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 huohuo akashinda New York kwa saa 2:08:01. Nani angethubutu kusema mwaka 1988 kwamba maandalizi ya Ikangaa yalikuwa ya bure kwa sababu ya sekunde ile? Matokeo yana wadau wengi: mpinzani, upepo, usingizi wa jana, na kwa anayehangaika na kitambi, hata chumvi ya chakula cha usiku, ambayo huzuia maji mwilini na kuongeza uzito wa asubuhi bila gramu moja ya mafuta. Kilometa za mazoezi zina mdau mmoja. Lengo linalostahili kuandikwa ni lile ambalo jioni, ukijiuliza kama umelitimiza, jibu ni ndiyo au hapana, na sababu ya jibu hilo ni wewe.

Kwamba kuandika kwenyewe kunasaidia si maneno ya kutia moyo tu. Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walikusanya tafiti 138 zenye washiriki karibu 20,000, wakapima kama kufuatilia maendeleo ya lengo husaidia kulifikia. Husaidia, na husaidia zaidi pale matokeo yanapowekwa kwenye maandishi au kuonyeshwa kwa wengine kuliko yanapobaki kichwani. Miaka tisa kabla yao, Dena Bravata na wenzake walijumlisha tafiti 26 za watu waliovaa kifaa cha kuhesabu hatua. Katika majaribio waliongeza karibu hatua 2,500 kwa siku, lakini waliopewa kifaa bila kupewa lengo hawakubadilika kwa kiasi cha maana. Hesabu na lengo vinategemeana. Jambo hili si geni kwetu. Kila mama aliyepeleka mtoto kliniki anaijua kadi yenye mistari: nesi haangalii alama ya mwezi huu peke yake, anaangalia mstari unaelekea wapi. Kikundi cha kuweka na kukopa kingesambaratika mwezi wa kwanza kama mtunza hazina angesema hesabu ziko kichwani. Sioni kwa nini tuwe makini hivyo na hisa za kikundi halafu mwili tuuachie kumbukumbu inayojipendelea.

Wapo watakaosema daftari limepitwa na wakati, kwa kuwa saa janja inahesabu hatua, mapigo na usingizi bila mtu kugusa kalamu. Sina ugomvi na saa hizo; anayeweza kuinunua na ainunue. Ila zitazamwe kwa ushahidi. John Jakicic na wenzake huko Pittsburgh waliwafuata vijana 471 wenye uzito uliozidi kwa miaka miwili. Wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi. Baada ya miezi sita kundi moja lilivishwa kifaa cha kuwahesabia, jingine likaendelea kujiandikia lenyewe kwenye tovuti ya mpango. Mwishoni waliojiandikia walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.9, waliovishwa kifaa kilo 3.5. Jaribio halikueleza kwa uhakika kwa nini. Kwa maoni yangu, anayeandika kwa mkono hulazimika kukiri. Kifaa hukusanya kimya kimya, na mtu anaweza kupita wiki nzima asisome hata tarakimu moja. Kwenye daftari, nafasi tupu ya jana inakutazama unapotafuta mahali pa kuandika leo. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema kujipima kunawatesa watu, hasa wasichana ambao tayari wanabebeshwa aibu ya miili yao. Hiyo naikubali, na ni sababu nyingine ya kuiweka mizani kando. Tarakimu inayosema "dakika 20, vidato vya baraza mara 30" haimwambii mtu ana umbo gani.

Lengo lenyewe liwekwe wapi? Kosa la kwanza ni kuazima tarakimu ya mwingine. Hatua 10,000 zinazosifiwa kila mahali hazikutoka maabara. Zilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwenye jina la kifaa kilichouzwa kama kipimo cha hatua elfu kumi. I-Min Lee na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, katika utafiti uliotoka 2019, waliona waliotembea hatua 4,400 kwa siku wakifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na faida ikasimama kuongezeka karibu na 7,500. Maana yake ni kwamba faida kubwa humfikia anayetoka chini kabisa na kupanda kidogo. Ndiyo maana ningesisitiza wiki ya kwanza isiwe ya mazoezi hata kidogo, iwe ya kuandika tu. Umetembea dakika ngapi kutoka kituoni hadi nyumbani, umekaa saa ngapi, umepanda ngazi au lifti. Wiki ya pili chukua wastani huo, ongeza kiasi ambacho hata siku mbaya kitawezekana, labda dakika 5, na uishi nacho wiki mbili au tatu kabla ya kuongeza tena. Anayeanza na saa nzima ya kukimbia kila alfajiri hufika siku ya tano na goti linalouma.

Kwa hapa kwetu kuanzia nyumbani kuna maana ya pekee. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, mvua zikiwa za Desemba hadi Aprili tu, na upepo wa vumbi unapovuma katikati ya mwaka hata mkimbiaji hodari hurudi ndani akipangusa macho. Wanawake wengi hawana uhuru wa kukimbia barabarani alfajiri bila kelele za vijana wa vijiweni au woga wa giza. Ua una faragha. Kidato cha baraza kinatosha kwa kupanda na kushuka, kamba ya katani inatosha kwa kuruka, ukuta unatosha kwa pushapu za anayeanza, ambaye atasogeza miguu mbali na ukuta kadiri mikono inavyopata nguvu, mpaka siku moja ashuke sakafuni. Madumu mawili ya lita 5 yakijazwa maji yana uzito wa kilo 10 kwa jumla, na uzito huo unajulikana, jambo ambalo mwenye daftari atalipenda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Miongozo hiyo imeacha sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10. Kila dakika sasa inahesabika. Mabadiliko hayo yanamjibu moja kwa moja anayesema safari ya Mtumba inammaliza. Dakika 7 maji ya chai yakichemka, 6 baada ya kushuka garini kituo kimoja kabla ya chake, 9 jioni uani: ni 22, na kwa siku saba ni 154.

Matokeo nayo yaandikwe, ila kwa nadra na kwa vipimo vinavyosema kweli. Mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamume aanze kuwa na wasiwasi anapofika sentimeta 94, mwanamke 80. Na kama unapenda kanuni fupi, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mara moja kwa wiki, kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Mazoezi yakishika, kwa wengi hesabu hiyo hushuka taratibu. Kwa bibi au babu wa nyumbani, kiti imara kilichoegemezwa ukutani na sekunde 30 za kuinuka na kukaa, mikono ikiwa kifuani, humweleza zaidi juu ya uwezo wake kuliko mizani yoyote. Presha haihisiwi, kwa hiyo ipimwe zahanati kabla ya kuanza na kila baada ya miezi michache, na tarakimu zake mbili ziingie kwenye daftari hilohilo. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au ugonjwa wa moyo unaojulikana aanzie kwa daktari. Mizani ikae, ipandwe mara moja kwa mwezi, ikiwa na safu yake mwishoni mwa ukurasa.

Pingamizi la mwisho nalipa uzito kuliko yote. Inasemwa kwamba kumwambia mtu aweke malengo yake nyumbani ni kuwapunguzia mzigo wenye wajibu wa kujenga njia za waenda kwa miguu, kupanda miti ya kivuli na kulinda viwanja vya watoto visiuzwe. Nakubali mzigo huo ubaki palepale. Mji uliopangwa upya karibu wote ndani ya kizazi kimoja hauna kisingizio cha barabara pana zisizo na mahali pa kutembea, na kila mwajiri wa Dodoma anaweza kuruhusu mikutano mifupi ifanywe wamesimama. Nakubali pia kwamba ushauri huu haumhusu kila mtu wa nyanda hizi kwa namna moja. Mama wa Bahi au Chamwino anayelima uwele kwa jembe na kuchota maji mbali amekwisha kufanya dakika zake 300 kabla ya Jumatano. Huyo anahitaji bomba la karibu na usingizi, na itakuwa dhuluma kumhubiria pushapu. Namsemea mwanawe aliyehamia mjini, akapata kiti. Njia ya waenda kwa miguu ikijengwa mwakani, itamkuta ana miguu ya kuitumia au hana, na hilo linaamuliwa mwaka huu, uani kwake.

Zitakuja siku ambazo daftari litakuwa tupu: msiba Kondoa, malaria ya mtoto, wiki ya bajeti ambayo ofisi haizimi taa. Nafasi hizo ziachwe tupu kama zilivyo. Asijaze uongo, na asijaribu kulipa deni kwa kufanya mara tatu siku ya Jumamosi, maana ndivyo watu wanavyoumia. Aliyekosa wiki moja arudie kiasi cha wiki iliyotangulia. Aliyekosa mwezi aanze na nusu, aandike tarehe, aandike nusu hiyo, na chini yake sababu kwa maneno mawili. Baada ya miezi sita afungue kurasa zote kwa pamoja na kusoma sababu hizo peke yake. Akikuta neno "mvua" mara nane, shida yake ni paa la baraza. Akikuta "nimechelewa Mtumba" mara kumi na tano, ahamishie mazoezi yake alfajiri.